Miguu Yako Haikunivunja Mgongo

Lugano mwanangu,

Barua hii umeikuta ndani ya kiatu cha kushoto. Nimeiweka humo makusudi. Ningeiweka kwenye sanduku ungeisoma ukishafika Iringa, na mimi nataka uisome kabla hujavuka kizingiti. Karatasi zimekuwa nyingi kuliko nilivyotaka. Kiatu kikikutanukia, mlaumu mama yako, na mlaumu na baba yako aliyevituma kutoka kwenye kazi yake ya reli bila kujua mguu wa mwanawe umefika wapi.

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati la vyombo, kama karani wa posta. Unajua kwa nini. Nikikaa kwenye kigoda muda wa kumenya viazi vitatu tu, moto unaanzia kiunoni unateremka paja hadi kisigino. Wewe umekwenda kuaga wanakwaya wenzako, mvua imewafungia huko kanisani, na mimi naomba isikatike mpaka nimalize.

Habari za kufua, kusali, kuamka mapema na kutoazimisha kitana sikuambii. Umeshaambiwa na kila aliyepita hapa wiki hii, na nusu yao hawafui. Mimi nina jambo moja. Nimelikalia miaka, kwa sababu mama yako ni mwoga.

Jumanne ulikuwa umeinama kwenye sufuria, ukasema bila kuinua macho, "Mama, mimi siendi shule. Nani atakuchotea maji? Mimi ndiye niliyekuvunja." Ukaendelea na kazi yako kana kwamba umesema chumvi imeisha. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jiko nikiangalia kuku. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa na jibu mdomoni miaka miwili mizima, na siku lilipotakiwa likanikwama. Jibu lenyewe ndilo hili unalolisoma.

Nianzie ulipoanzia wewe. Ulizaliwa ukitanguliza miguu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeolewa nikatoka kwetu Kalenga, nimeletwa huku milimani juu ya Uyole ambako ukungu haupandi mpaka saa nne, na lugha yao nilikuwa siijui. Nilipiga kelele usiku kucha na mchana wake. Ulipotoka, nilitegemea mtu aniulize kama niko hai. Badala yake nyumba ilijaa vigelegele. Shangazi yako alizishika nyayo zako akazibusu kabla hata hujalia, akasema dawa ya migongo imezaliwa katika ukoo. Mimi sikuelewa. Nilidhani wananipongeza, nikatabasamu kama mjinga.

Huku, kama unavyojua, mtoto aliyetanguliza miguu hupandishwa juu ya migongo ya wenye maumivu. Akikanyaga, ugonjwa unatoka. Ndivyo wanavyosema. Ulipotimiza miaka minne wakaanza kuja. Utakuwa umesahau wengi wao, lakini mimi sijasahau hata mmoja. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wengine ni wazee wa kanisa, wamelala kifudifudi kwenye sakafu yangu ya udongo kama mijusi inayoota jua, mashati wameyavuta hadi shingoni, wanamngoja mtoto mwenye makamasi awatembelee. Shangazi yako anaelekeza kama bwana shauri: juu kidogo, shuka, geuka. Wewe umemshika mkono huku unakula kiazi. Mara moja ulijikojolea juu ya mgongo wa fundi cherehani, naye akaamka akasema ameona nafuu. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Ningekuwa na akili, siku ile ningefunga mlango.

Lakini walikuja na mayai, walikuja na kuku, walikuja na vipande vya sabuni. Na mimi niliyekuwa mgeni, asiyejua hata kusalimia vizuri kwa lugha yao, ghafla nikaitwa Mama Lugano kwa heshima. Wanawake wakanipisha kisimani. Niliipenda hiyo heshima, mwanangu. Sikuichuma mimi, nilisimama juu ya miguu yako nikaipokea.

Ujinga wangu wa pili ulikuwa sifa. Mimi ni mfupi, wanawake wa huku ni warefu, na walikuwa wakinicheka kwamba Mhehe huyu ataweza nini. Basi nikawaonyesha. Msimu wa viazi wenzangu wakibeba debe, mimi nilibeba gunia. Nalifunga kwa kamba kifuani, naliegemeza mgongoni, nateremka nalo mlima mpaka barabarani kwenye malori, kwenye matope, na mimba ya mdogo wako ikiwa tumboni. Mdogo wako yule hakukaa. Nalo hilo sikulisema kwa mtu. Wiki ya tatu nilirudi kubeba. Walisema, "Mwanamke huyu ana mgongo wa punda." Nami nikafurahi. Nikiwaza leo, kumbe mtu ananiita punda na mimi nafurahi.

Palizi ya pareto ilikuja juu ya hayo, jembe la mpini mfupi, umeinama toka umande mpaka jua la utosi. Jioni nilikuwa nikinyooka kwa hatua tatu, kwanza mikono magotini, halafu ukutani, halafu basi. Nilikuwa na miaka ishirini na tano. Nilidhani ndivyo mtu anavyokua.

Sasa ile siku. Ulikuwa na miaka tisa. Asubuhi nilikuwa nimeinua chungu cha pombe kwenye msiba wa mtu, kitu kikalegea kiunoni, nikarudi nyumbani nimepinda kama mundu. Wewe ulikuwa umetoka shule. Nilijilaza sakafuni pale pale walipolala wengine wote nikakuita. Ulisema, "Mama, nimekuwa mzito siku hizi." Neno hilo nalikumbuka kwa sababu ndilo neno pekee la akili lililosemwa humu ndani siku ile. Nikakwambia panda, acha maneno. Ukapanda kwa woga, mguu mmoja, halafu wa pili. Kiuno kililia. Mguu wangu wote wa kulia ukawaka, na mimi nikapiga kelele, "Umeniua."

Hukulia. Ulishuka ukasimama ukutani. Nililala siku arobaini, na katika siku hizo arobaini hakuna hata moja niliyokuita nikakwambia kwamba siyo wewe. Uliponiletea uji uliuweka mbali kidogo na mkeka, ukausukuma kwa mkono, usije ukanikanyaga. Na tangu hapo ndani ya nyumba hii unatembea kwa ncha za vidole. Miaka mitano sijasikia mguu wako ukigusa sakafu. Watu wanasema, mtoto wako mpole, Mama Lugano, hatembei, anaelea. Wangejua.

Shangazi yako yeye alisema dawa imegeuka kwa sababu umekanyaga mgongo wa mama mzazi, ambao ni mwiko. Mwiko huo sikuwahi kuusikia kabla ya siku ile. Ulipatikana ulipohitajika. Ukakatazwa kukanyaga kwa muda, mayai yakakatika, na waliokuwa wakinipisha kisimani wakaacha kunipisha. Sikuwaza kwamba ningeshangaa, lakini nilishangaa.

Halafu ikaja kuhamia kijijini, shamba la kijiji, kengele asubuhi. Msimamizi unamjua. Nilimwambia siwezi kuinama, akanitazama juu mpaka chini mbele ya mstari mzima wa wanawake, akasema, "Huyu ni kupe. Mgongo haunyooshwi kitandani, mama. Kapalilie, utanyooka." Watu wakacheka. Niliokuwa nikiwabebea magunia yao walipokuwa na mimba, nao walicheka. Nikapalilia kwa magoti, kama mtu anayetubu, na sikujua natubu nini.

Mwaka juzi nilipokwenda Kalenga kumwona mama yako mdogo, yeye ndiye aliyenikokota mpaka hospitali ya misheni. Nilikwambia waliniandikia dawa za kumeza. Ni kweli, lakini hiyo ni robo ya habari, na robo tatu nikazificha. Leo nakupa zote.

Kulikuwa na tabibu mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa kwa plasta upande mmoja, na mikono ya mtu aliyelima. Alinipiga picha ya mifupa. Aliitundika dirishani akanionyesha uti wangu, pingili moja juu ya nyingine, na kati ya kila pingili na mwenzake pana nafasi. Akaniambia katika nafasi hiyo mna mto, mdogo, kama wa kulalia. Mto huo nje ni mgumu, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na katikati yake mna ute mzito, wa kuvutika. Nikasema, kama mlenda. Akacheka akasema, naam, mlenda ndani ya kitunguu, umeeleza vizuri kuliko mimi. Chini kabisa kwenye picha yangu pingili mbili zilikuwa zimekaribiana kama watu wanaonong'onezana. Mto wa hapo umenyauka.

Alisema mto hauna mishipa ya damu ndani. Unakula kwa shida, kidogo kidogo, kutoka kwenye mifupa ya jirani. Ukiubebesha na kuukunja miaka kwa miaka unakauka, zile tabaka zinaanza kuchanika kwa ndani, leo ufa huu, mwakani ule. Mwenyewe huna habari. Siku unayosikia ndiyo siku ya mwisho ya kazi ya miaka mingi.

Nikamuuliza, sasa huu moto wa mguuni unatoka wapi, maana mguu sikubebea kitu. Hapo alivua miwani. Alisema ule ute, kwa kuwa umefungiwa humo tangu mtu akiwa tumboni mwa mama yake, haujawahi kuonana na damu. Na katika damu mna chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili, wanaofukuza vidonda na homa. Ufa ukifika nje, ute ukachuruzika, askari wale wanaukuta, hawaujui. Wanauona mgeni. Wanauvamia. Pale panavimba, panapata moto, na mshipa mkubwa wa mguu unapita hapo hapo kando, unaunguzwa na vita isiyo yake. Alisema tena, ili nisimshike uongo, kwamba wapo madaktari wanaosema hivyo na wapo wanaobisha, elimu yake bado changa. Na kwamba kwa wengi uvimbe hupungua wenyewe baada ya miezi, hata bila kisu, na yeye binafsi anadhani ni askari wale wale wanaoula ule ute mpaka ukaisha. Lakini hilo, alisema, ni wazo lake tu la jioni.

Niliwadharau hao askari, Lugano. Niliwadharau kuliko ninavyomdharau msimamizi. Hebu fikiri, kitu kimezaliwa pamoja nao, kimekaa nyumba moja nao miaka yote kikiwabebea mwili mzima, siku kimetoka mlangoni kwa bahati mbaya wanakipiga na kuchoma nyumba yao wenyewe. Nilikuwa nawacheka moyoni njia nzima nikirudi kwa mama yako mdogo. Tulipofika kwenye migomba yake nikaacha kucheka. Kwa sababu wewe ulitoka ndani yangu, na nilipoumia nilikutazama kama mtu baki, nikakuambia umeniua.

Kabla sijaondoka kwa yule tabibu nilimuuliza kuhusu wewe. Niliuliza kwa kuzunguka, nikasema kuna jirani yangu ambaye mtoto wake alimkanyaga. Akaniangalia. Nadhani alijua jirani ni nani. Aliuliza mtoto alikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia tisa, mwembamba.

Akasema hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mtoto wa miaka tisa hapasui mto mzima, mama. Ulikuwa umeshapasuka siku nyingi. Kumpandisha mtu juu ya mgongo mgonjwa ni ujinga, huenda kuliongeza maumivu. Lakini ujinga huo ni wa aliyelala chini, siyo wa aliyepandishwa."

Basi ndiyo hayo. Umeyasikia miaka miwili baada yangu.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia nilipoteremka tu kwenye basi. Nilikuwa nimepanga. Nilikuta umefagia, umechota maji, umepika, umeninyooshea kitanda, umeweka mto chini ya magoti vile ninavyopenda. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na hukuwa na hata rafiki mmoja wa kucheza naye, muda wote uko hapa ukilipa. Nikalala pale, mgongo umetulia, nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikaona maji yamechotwa tena kabla ya jogoo. Nikasema Jumapili. Unaelewa ninachokuambia? Ilinifaa. Mtoto anayejiona ana kosa hachelewi kurudi, hajibu, hadai nguo. Shangazi yako alikula mayai ya miguu yako nikamwona mchafu, na mimi nikala woga wako miaka miwili, wala sikunawa. Nimewasema watu wengi katika barua hii na sifuti hata neno moja. Ila wa kwanza katika mstari wao ni mimi, na nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye anayeshika kalamu.

Sasa nikusimulie la jana, ulipokuwa kisimani. Alikuja shangazi yako, na nyuma yake nani, msimamizi. Amejishika kiuno, anakanyaga kama mtu anayepita juu ya mayai. Kumbe naye mgongo umemshika. Nikamkaribisha kiti nikijua hawezi kukaa, akabaki ameegemea mlango.

Shangazi yako akasema, "Wifi, mzee huyu ni wetu. Ule mwiko umeshapita, tumeuondoa. Mtoto amkanyage kabla hajaondoka, tena bora angengoja wiki mbili hivi. Shule haina miguu, haikimbii. Akishavuka mito yote hiyo ya njiani nyayo zitapoa."

Nikamwambia msimamizi, "Nenda kapalilie, mzee, utanyooka."

Akainamisha kichwa. Yaani alikumbuka. Nilidhani siku hiyo ikifika nitashiba, lakini nilimwona tu mtu mzima jasho linamtoka kwa maumivu ninayoyajua mpaka rangi yake. Nikamwambia alale chali kwake, miguu juu ya gunia la maharage, asiinue kitu, akipata nafuu aende hospitali, na asimlipe mtu yeyote kumpanda. Nikamweleza na kitunguu na mlenda. Shangazi yako akasema siku hizi nimekuwa daktari wa darasa la nne. Nikamjibu kwamba yeye amekuwa daktari kwa miguu ya mwanangu, na kwamba Lugano anaondoka keshokutwa saa moja asubuhi, na miguu yake yote miwili anaondoka nayo.

Akasema, "Na wewe atakutunza nani?"

Hilo ndilo ulilouliza na wewe Jumanne, basi nawajibu wote pamoja. Maji nitachota nusu ndoo, nusu ndoo. Siku ambayo nusu ndoo haitoshi sitaoga. Msimamizi haogi na bado anaheshimiwa. Viazi nitalima robo ya nilivyokuwa nikilima, kwa jembe la mpini mrefu ambalo nimemwagiza fundi, wacheke wakitaka. Baba yako reli ikiisha atarudi. Na mgongo huu, kama yule tabibu hakukosea, huenda ukatulia. Ukikataa kutulia, ni wangu. Niliuchosha mwenyewe kwa kutaka sifa, sikuuazima kwa mtu, na wewe huna sehemu humo.

Kwa hiyo utakwenda. Hapo siombi. Na usinitumie barua za kuniuliza mgongo. Niandikie ulichojifunza, umegombana na nani, nani amekuchekesha. Wakikufundisha habari za mwili, wakafika kwenye uti na zile chembe nyeupe, sikiliza vizuri halafu uniandikie kama madaktari wamekwisha kuelewana, maana nataka kujua nani alikuwa sahihi. Huko utasalimiwa "kamwene", uitikie bila haya, nusu ya damu yako ni ya huko. Na siku mtu, awe mwalimu, awe mchumba, awe mimi, atakapokufanya mwema kwa kukutia hatia, mtambue. Mimi nimekufanyia, kwa hiyo unamjua sura.

Nasikia mvua inakatika. Utakuja sasa hivi, utavua ndala mlangoni, utapita nyuma yangu kwa ncha za vidole usiniamshie maumivu, na mimi nitajifanya nafuta kabati. Leo nitakuacha upite hivyo, kwa mara ya mwisho.

Kesho vaa viatu. Vina kisigino kigumu, nimevigonga mezani nikasikia. Mimi nitakuwa nimelala, siwezi kukusindikiza mpaka barabarani, kilima kinanishinda. Usije kwa kunyata kuniaga. Pita katikati ya nyumba, pita pale pale sakafuni, ukanyage kwa uzito wako wote. Nataka nikusikie mpaka uani, na kwenye kokoto, na kwenye daraja la mbao, mpaka nisikusikie tena.

Mama yako